Jina Nililoandika Kabla ya Kipenga

Jumamosi, 8 Machi

Clarence Topping amekuja asubuhi, akapangusa viatu mlangoni kwa muda mrefu kuliko vilivyohitaji, nikajua ana la kuomba. Ni mwenyekiti wa ligi yetu ya hoki ya barafu, ligi ya wakulima na mafundi wanaojifanya vijana kila Jumamosi. Anataka niwe mmoja wa majaji watatu wa Kombe la Thamani. Kombe hilo halipewi timu. Hupewa mchezaji mmoja tu, wa upande wowote, ambaye majaji wameona alikuwa na thamani kuliko wenzake wote tangu mtoano uanze hadi fainali iishe.

"Lakini Clarence, mimi sipendi hoki. Mji mzima wa Zelena unajua."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, mwalimu. Wanaoipenda wote wameshagombana."

Mume wangu, Metro, alikuwa nyuma ya mlango wa jiko akisikiliza. Mgeni alipoondoka tu akajitokeza, uso umemshuka.

"Na mimi je? Miaka arobaini sijakosa mchezo!"

"Wewe ulimrushia refa kiatu, mzee."

"Kilikuwa kibovu."

Nimekubali. Nadhani nataka kujua ni kitu gani kinachomtoa mume wangu nyumbani kila Jumamosi ya baridi tangu tuoane.

Jumapili, 9 Machi

Nyuzi ishirini chini ya sifuri. Gari limekataa kuwaka, kanisani tumekwenda kwa miguu.

Jumatatu, 10 Machi

Kanuni za kombe hazijazi hata ukurasa. Hazisemi thamani ni nini. Zinasema tu kwamba kura zikusanywe zikibaki dakika kumi za mchezo wa mwisho kabisa, ili kombe likabidhiwe pale pale barafuni kabla watu hawajakimbilia magari yao. Yaani tunahukumu kesi haijaisha. Nimempigia Clarence kumuuliza sababu. "Ndivyo tulivyofanya siku zote," amesema. Watu wa huku ukiwauliza sababu ya jambo, wanakutajia umri wake.

Nimemuuliza Metro thamani ni nini.

"Ni magoli. Dallas Prokop. Andika, funga bahasha, tule."

Jumamosi, 15 Machi

Mchezo wa kwanza wa nusu fainali. Tumeshinda. Metro alitaka nikae naye juu pamoja na wazee wenzake, nikaona sitasikia ila kelele zao. Nimekwenda kukaa chini, nyuma ya goli, pua karibu na kioo.

Kipa wetu ni Kirby Lavallee. Nilimfundisha darasa la nne. Alikuwa mtoto wa kuomba ruhusa hata ya kupiga chafya. Siku hizi anatengeneza matrekta, ana mke anaitwa Jolene, na wanatarajia mtoto. Kilichonishangaza ni kwamba mtu huyu mpole, akishavaa ule uso wa chuma wa makipa, haachi kusema! "Nyuma yako, Dallas! Nafasi unayo, tulia! Mwache, mwache, huyo wangu!" Mchezo mzima, kila mtu kwa jina lake. Huko juu hakuna anayesikia.

Jambo jingine. Wachezaji walipotajwa majina mwanzoni, kila jina lilishangiliwa. Lilipofika la Kirby, makelele yakazimika kama mtu amefunga mlango. Njiani nikamuuliza Metro.

"Mambo ya zamani hayo," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Jumanne, 18 Machi

Nimemaliza udadisi kwa simu. Jaji wa tatu, baada yangu na Clarence mwenyewe, ni Garth Wiebe, mtangazaji wa redio wa Birch Ridge, mji tunaopigana nao vita hii ya barafu tangu babu zetu. Yeye hakuficha. Miaka miwili iliyopita, fainali, dakika ya mwisho, Kirby alitoka golini kukipiga kile kisahani cheusi mwenyewe. Akakikosa. Kikapita, kikaingia goli tupu, Birch Ridge wakabeba kombe la ligi.

"Na basi?"

"Na basi mji wenu haujamsamehe."

"Kwa kosa moja?"

"Mwalimu," akasema Garth akicheka, "wewe kweli hupendi hoki."

Jumamosi, 22 Machi

Nimebuni njia yangu. Kila kipindi namtazama mtu mmoja tu, hata akiwa hana kisahani. Leo kipindi cha kwanza nimempa Dallas Prokop, mfungaji wetu. Anafunga kweli, sibishi. Lakini akinyang'anywa kisahani hashughuliki kurudi, anajua kuna mtu nyuma atakayekizuia.

"Unamtazama mtu ambaye hana kitu?" Metro akanicheka. "Utajuaje mchezo unakwenda wapi?"

"Nitaona ubaoni, kama wewe unavyoona."

Wanaume wa mji huu hawanyoi ndevu mpaka mtoano uishe, na timu ikiwa inashinda hawafui jezi. Ya Metro imeanza kusimama yenyewe. Nimeihamishia banda la zana.

Jumanne, 25 Machi

Tumeingia fainali. Metro amenibusu na ndevu zake zote. Nimekaa na upele shavuni.

Ijumaa, 28 Machi

Leo nimekwenda mji wa jirani kwa daktari wa macho, nikamkuta Jolene Lavallee dukani ananunua maziwa na mkate.

"Mwanangu, umeendesha gari mwendo wote huu kwa ajili ya maziwa?"

"Huku hawanijui, mwalimu."

Tukakaa kwenye benchi karibu na mlango. Tumbo limeshakuwa kubwa, akalishika kwa mikono miwili. Akaniambia Kirby amepata kazi jimbo la mbali, Alberta, kwenye mitambo ya mafuta, na fainali ikiisha wanahama. Kirby hataki. Mama yake na babu yake wamezikwa Zelena, na karakana ameijenga kwa mikono yake.

"Lakini nani atakaa mahali ambapo akiingia kunywa kahawa watu wanaangalia vikombe vyao? Mtoto wangu atakwenda shule hapo. Wataanza kumwambia baba yako ndiye yule."

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Huyu amecheza kwao, na tuzo yake ndiyo hiyo.

Sasa nina tatizo. Nawapenda watoto hawa. Nikiandika jina la Kirby kwa sababu ya benchi lile la dukani, nitakuwa kama mwalimu anayempa mwanafunzi alama kwa sababu amelia. Alama za namna hiyo hazimsaidii mtu, na mwenyewe huzijua. Kwa hiyo nimeamua: kuanzia kesho nitamtafutia makosa.

Jumamosi, 29 Machi

Mchezo wa kwanza wa fainali, sisi na Birch Ridge. Tumeshinda. Nimemtafutia Kirby makosa kwa bidii ya mkaguzi wa shule. Nimepata mawili. Huwa anapiga magoti mapema, na anaudhika refa asipomtazama. Basi.

Jumatano, 2 Aprili

Bila kutafuta, leo nimeonyeshwa.

Kirby alikuwa na homa, hakucheza. Golini akawekwa Quentin Bodnar, kijana mwenye mikono myepesi tu, na alizuia mashuti ambayo hata Garth aliyasifu redioni. Tumefungwa saba kwa moja. Si Quentin aliyetufungisha. Quentin hasemi. Mabeki walikuwa wanagongana, kila mmoja anageuka kutazama aliye nyuma yake, na Dallas Prokop, simba wetu, alirudi nyuma mara nyingi hata akasahau kwenda mbele. Ilikuwa kama nyumba ambayo mama amesafiri. Vyombo vipo, unga upo, watu wote wapo, na bado hakuna anayejua kijiko kiko wapi.

Nilimngoja Dallas mlangoni.

"Leo ulikuwa na nini, baba?"

"Sijui, mwalimu. Uwanja ulikuwa kimya mno."

Uwanja wenye watu mia sita wanaopiga mayowe! Yeye mwenyewe hajui alichokosa. Asiyekujua hakuthamini, nikamwambia. Akanitazama kama nimempa hesabu za mtihani.

Kwa kuwa tumefungwa, Metro ameniruhusu kufua jezi. Hakuna baya lisilo na jema lake.

Jumamosi, 5 Aprili

Nyuzi tisa juu ya sifuri. Theluji inayeyuka, barabara yote tope. Kirby amerudi, tumeshinda mbili kwa moja. Nilimsikia tangu dakika ya kwanza.

Jumapili, 6 Aprili

Sitaki kuandika, lakini nitaandika.

Baada ya ibada tulikuwa tunakula perohi, yale maandazi ya kuchemsha yenye viazi ndani, ukumbini. Verna, katibu wa ligi, akawa anasimulia mambo ya ile fainali ya miaka miwili iliyopita. Akasema kwa kicheko, "Na yale maneno ya Metro wako!" Maneno gani? Akadhani natania. Kumbe usiku ule, Kirby anatoka na mkewe, uwanja wa magari umejaa watu, mume wangu alimpigia kelele: "Ungezaliwa Birch Ridge ungetufaa zaidi!" Watu wakacheka. Tangu siku hiyo maneno hayo ndiyo salamu ya Kirby mjini. Wanayasema mashabiki, wanayasema hata walevi. Nimeyasikia mwenyewe zaidi ya mara moja, nikayadhani ni msemo wa hoki.

Nilingoja tufike nyumbani.

"Ulisema?"

"Kila mtu alikuwa na hasira siku ile."

"Nimekuuliza wewe."

"Ulikuwa utani, Olesia."

"Kama ulikuwa utani mzuri hivyo, mbona hukurudi nyumbani kunichekesha?"

Amevaa koti akaenda bandani, na huko hakuna kazi yoyote mwezi huu. Mimi nimeona haya, nimeona hasira, na zaidi ya yote nimeshangaa. Umelala na mtu miaka thelathini na minane ukidhani unajua maneno yake yote.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua iliyochanganyika na theluji. Metro hajasema neno. Wala mimi.

Jumatano, 9 Aprili

Birch Ridge wameshinda kwao. Sasa ni michezo miwili kwa miwili. Mchezo wa mwisho utakuwa hapa Jumamosi. Clarence anasema mashine ya kupoza barafu inahangaika na joto hili.

Metro amesema, "Chumvi." Nimempa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nyuzi kumi na nne. Watu wamekuja uwanjani na mashati, kwenye paa maji yanadondoka. Barafu ilikuwa imelainika, kisahani kinarukaruka. Kila baada ya muda wachezaji wanateleza wenyewe bila kuguswa, na wazee wa juu wanapiga kelele, "Kuteleza si kuanguka!" halafu mtu anaanguka.

Mbili kwa mbili. Zikabaki dakika kumi. Verna akapita na mkebe wa bahasha.

Nilishajiuliza swali langu wiki nzima. Kama Kirby angekuwa mgeni kwangu, mtu wa Birch Ridge, asiye na mke dukani wala mama makaburini, ningeandika jina lake? Nikajijibu ndiyo. Nikajiuliza tena kwa ukali zaidi, jibu likawa lile lile. Nikaandika Kirby Lavallee, nikafunga.

Muda ukaisha bila goli. Muda wa nyongeza ni wa goli moja tu, atakayefunga amemaliza msimu. Rudy Enns, nahodha wa Birch Ridge, akapiga kutoka mbali, kule katikati, shuti la mtu anayetaka kwenda kupumzika benchi. Halikuwa na nguvu. Mimi na miwani yangu mipya nilikiona kisahani njia nzima. Kirby akainua mguu mapema, na kikapita chini yake polepole, kikaingia.

Sijawahi kusikia watu mia sita wakinyamaza namna ile. Kisha kutoka juu sauti moja, sijui ya nani: "Ungezaliwa Birch Ridge!" Nikageuka kumtazama Metro. Alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama viatu vyake.

Verna akanigusa bega, tukaitwa ofisini. Clarence alikuwa ameshafungua bahasha. Yangu ilisema Kirby. Ya Garth, mtu wa Birch Ridge, ilisema Kirby. Ya Clarence mwenyewe ilisema Dallas.

"Haiwezekani," akasema Clarence. Jasho linamtoka. "Nikisoma jina hili watanirushia viti. Tuandike upya. Tumpe Rudy Enns, ameshinda, hakuna atakayelalamika. Nani atajua?"

"Sisi watatu," nikasema.

Garth akakuna shingo. "Mimi nitakwenda na mwalimu. Akibadilisha, nabadilisha."

Basi likaniangukia mimi, nisiyependa hoki. Na nilisita. Si kwamba nilimwogopa Clarence. Goli lile lilikuwa jepesi, na labda thamani ya mtu ni pamoja na mwisho wake. Labda kanuni ilikuwa ya kipumbavu tangu mwanzo na leo imetuumbua. Nje watu wa Birch Ridge walikuwa wanaimba, na nilipokuwa nawasikiliza nikaliona jambo lenyewe. Tukimpa Rudy tutakuwa tumejibu swali jingine, nani amefunga la mwisho, na jibu la swali hilo liko ubaoni tayari, halihitaji majaji. Tuliulizwa nani aliibeba fainali hii mpaka ikafika pale ilipofika. Bila Kirby tungekuwa nyumbani tangu Machi.

"Maji yameshamwagika, Clarence. Nenda kasome jina."

Akasoma kwa sauti ndogo, mpaka Verna akamwambia asogeze kipaza sauti. Hakuna aliyepiga makofi. Kirby hakujongea. Alikuwa amevua uso wa chuma, ametazama chini, na nilimwona anadhani ni mzaha mwingine wa mji wetu. Niliogopa. Nilidhani nimemuumiza kuliko wote.

Ndipo Rudy Enns akagonga gongo lake barafuni. Ko. Ko. Wachezaji hupongezana hivyo, kwa kuwa mikono imo ndani ya glavu. Wenzake wakafuata, jezi zote za Birch Ridge. Halafu Dallas Prokop akagonga kwa nguvu mpaka gongo likavunjika, na wa kwetu wote wakagonga. Juu kule, baadhi walipiga makofi, baadhi walitoka. Metro alisimama. Hakupiga makofi, hakutoka. Kirby alilipokea kombe kama mwanaume anayepewa mtoto mchanga wa mtu mwingine, hakuliinua.

Jumapili, 13 Aprili

Metro amenyoa ndevu. Nilikuwa nimesahau kwamba ana kidevu.

Jumanne, 15 Aprili

Mchana nilikuwa nachemsha supu ya bitiruti, mlango ukagongwa. Kirby. Kombe amelitia kwenye mfuko wa chakula cha ng'ombe.

"Shikamoo mwalimu. Nina swali moja tu, halafu ninakwenda. Alberta wanataka jibu leo." Alikataa kuketi. "Jolene ameniambia mlizungumza dukani. Nataka kujua kama uliniandika kwa huruma. Kama ni huruma, nimekuja kulirudisha. Sitakasirika."

Metro alikuwa mezani na gazeti. Halikugeuzwa ukurasa.

Nikamweleza Kirby yote. Kwamba nilimtafutia makosa. Kwamba nilikaa nyuma yake nikimsikia anawaongoza watu kwa majina yao mwezi mzima. Usiku ule wa saba kwa moja, na Dallas aliyeniambia uwanja ulikuwa kimya. Alisikiliza ameinamisha kichwa, vile vile kama darasa la nne.

"Na goli la mwisho, mwalimu?"

"Lile lilikuwa kosa lako. Uliinua mguu mapema. Bibi kizee angelizuia."

Akanitazama. Nikafikiri nimeharibu kila kitu. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika kiti, na macho yakamjaa maji.

"Miaka miwili," akasema, "kila mtu ananiambia usoni si kosa lako Kirby, si kosa lako, halafu ananikimbia. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia ni kosa langu na kunikaribisha supu."

"Supu bado sijakukaribisha. Keti."

Akaketi. Metro akashusha gazeti.

"Mkeo yuko wapi?" Ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizosema tangu wiki iliyopita.

"Garini, mzee. Hapendi kuingia nyumba hii."

Metro akainuka. Hakutafuta buti, alitoka na kandambili zake za ndani, akaingia kwenye tope mpaka kwenye vifundo. Mimi na Kirby tukasogea dirishani bila aibu. Jolene alishusha kioo kidogo tu. Metro akavua kofia. Alisema kitu, akaikunja kofia, akasema tena. Jolene alikuwa anatazama mbele, hakumtazama yeye. Walikaa hivyo muda mrefu, hata supu ikafurika jikoni nikaiacha. Mwishowe mlango wa gari ukafunguliwa, na mume wangu akampa mkono, akamvusha matope hatua kwa hatua.

Jolene akaingia, macho mekundu. Hakuniamkia kwanza. Alimgeukia mumewe.

"Mzee anasema trekta lao limeharibika. Anataka ulitazame mwezi wa Mei, kabla ya kupanda."

"Mei?" Kirby akasema. "Jolene, Mei sisi tutakuwa—"

"Nimemwambia utakuja."

Metro alikuwa ameinama mlangoni anapangusa tope miguuni, hainui uso. Trekta letu tulilinunua mwaka jana, na halijawahi kukohoa hata mara moja. Nikatoa sahani nne.